Nani hasa aliokolewa Detroit? Dhana potofu kuhusu magari ya Marekani na fedha za serikali

Muulize mtu nani aliiokoa General Motors (GM), kampuni kubwa ya magari ya Detroit, kwenye msukosuko wa fedha wa 2008, atakutajia Obama bila kufikiri. Hundi ya kwanza ilitoka kwa George W. Bush. Ijumaa tarehe 19 Desemba 2008, akiwa amebakiza mwezi mmoja tu Ikulu, Bush alitangaza mkopo wa dola bilioni 17.4: bilioni 13.4 kwa GM na bilioni 4 kwa Chrysler. Siku nane kabla yake mswada wa kuyasaidia makampuni hayo ulikuwa umekwama Seneti kwa kukosa kura 60. Bush akachota kwenye ule mfuko wa bilioni 700 uliopitishwa Oktoba kwa ajili ya mabenki. Mtu wa chama kinachohubiri soko liachwe lijiendeshe ndiye aliyefungua kabati. Obama alikuja kuongeza fedha, na masharti.

"Wangeachwa wafilisike tu"

Walifilisika. Chrysler iliingia mahakamani tarehe 30 Aprili 2009, GM ikafuata tarehe 1 Juni. Watu wengi hudhani msaada wa serikali ulikuja badala ya kufilisika, kumbe ulikuja ili kufilisika kuwezekane. Kampuni inayojipanga upya chini ya ulinzi wa mahakama bado hulipa mishahara, umeme na vipuri, kwa hiyo huhitaji mtu wa kuikopesha wakati huo. Majira yale ya baridi ya 2008 kuingia 2009 mabenki yenyewe yalikuwa yanahema. Hakuna aliyekuwa tayari kutoa mabilioni kwa kampuni iliyopata hasara ya dola bilioni 30.9 kwa mwaka mmoja. Bila Hazina ya Marekani, kesi ingeishia kwenye mnada wa mashine.

GM ilitoka mahakamani baada ya siku 40.

"Ilikuwa zawadi kwa matajiri"

Dhana hii ilizaliwa uwanja wa ndege. Novemba 2008 wakuu watatu, Rick Wagoner wa GM, Alan Mulally wa Ford na Robert Nardelli wa Chrysler, walikwenda Washington kuomba fedha za umma, kila mmoja na ndege yake binafsi. Desemba walirudi kwa barabara, wakiendesha magari yasiyokula sana mafuta, lakini walikuwa wamechelewa. Ombaomba aliyeshuka kwenye ndege yake mwenyewe hasahauliki.

Ila tazama nani alipata nini. Wanahisa wa GM ya zamani walitoka mikono mitupu. Wagoner alitakiwa kuachia ngazi Machi 2009. Waliokuwa na hati fungani za takriban dola bilioni 27 walipewa asilimia 10 ya kampuni mpya, huku mfuko wa matibabu wa wastaafu wa chama cha wafanyakazi, UAW, ukipata asilimia 17.5 ingawa ulikuwa unadai kiasi kidogo kuliko hicho. Wadai wale walipiga kelele, na hapo mimi nawaelewa. Serikali ya Marekani ilichukua karibu asilimia 61. Pontiac, Saturn na Hummer zikafa. Waliookolewa ni watu wa kiwandani, wastaafu wao, na mamia ya makampuni ya vipuri ambayo msomaji hawezi kuyataja hata moja.

"Fedha zote zilirudi"

Hapana. Aprili 2010 GM ilirusha tangazo la televisheni likisema imelipa mkopo wake wote kabla ya muda. Kiufundi halikuwa uongo: sehemu iliyoitwa mkopo ilikuwa dola bilioni 6.7, nayo ililipwa. Jambo moja halikutajwa. GM ilikuwa imepokea karibu bilioni 50, na sehemu kubwa ya hizo iligeuzwa kuwa hisa za serikali. Tena fedha za kulipia huo mkopo zilitoka kwenye akaunti iliyojazwa na fedha zilezile za umma. Hisa za mwisho ziliuzwa Desemba 2013, na kwa GM peke yake walipa kodi walipoteza zaidi ya bilioni 10. Ukijumlisha Chrysler na kampuni ya mikopo ya magari, Ally, ambayo iliiletea Hazina faida, zilitoka karibu bilioni 80, zikarudi zaidi ya 70.

Labda wanaosema zote zilirudi wanachanganya na mwaka 1980, Chrysler ya Lee Iacocca, mkuu wake wa wakati huo. Wakati ule serikali ilidhamini mikopo ya bilioni 1.5. Chrysler ililipa miaka saba kabla ya muda na serikali ikapata faida.

"Ford haikugusa hata senti"

Ford haikuchukua fedha za mfuko ule, ni kweli. Mwishoni mwa 2006, mabenki yakiwa bado yana ukarimu, ilikopa zaidi ya dola bilioni 23 na kuweka rehani karibu kila ilichonacho, hadi nembo yake ya buluu. Ilikuwa akili, na ilikuwa bahati pia. Lakini mwaka 2009 ilipewa mkopo wa bilioni 5.9 na Wizara ya Nishati, kutoka mpango mwingine wa serikali wa kutengeneza magari yanayobana mafuta. Zaidi ya hapo, Mulally alikwenda Washington kuwaombea washindani wake. Watengenezaji wa breki, viti na nyaya waliokuwa wakimuuzia GM ndio hao hao waliokuwa wakimuuzia yeye. GM ingeanguka ghafla, wao wangeanguka nayo, na Ford ingebaki na viwanda vizima visivyo na vipuri.

"Wafanyakazi walilipwa dola 70 kwa saa, tena wavivu"

Hakuna aliyekuwa akipokea 70. Mfanyakazi mkongwe wa UAW alipata takriban dola 28 kwa saa, na mkataba wa 2007 uliruhusu baadhi ya wapya kuanza na 14 hivi. Hiyo 70 ilipatikana kwa kuchukua gharama zote za kazi, pamoja na pensheni na matibabu ya wastaafu, kisha kuzigawa kwa saa za wale wachache waliobaki kazini. Mzee aliyestaafu zamani anahesabiwa kwenye mshahara wa kijana anayefunga nati leo. Viwanda vya Kijapani vya Tennessee na Kentucky vilikuwa vipya, karibu havina wastaafu. Na Japani kwenyewe bima ya afya ni ya taifa zima, mzigo wa matibabu ya wastaafu haubebwi na kampuni peke yake.

Kuhusu uvivu, kuna kisa cha Fremont, California. GM ilifunga kiwanda chake pale mwaka 1982. Kilikuwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari mabovu. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi walioajiriwa walikuwa wale wale wa UAW. Kilichobadilika ni utaratibu. Mfano ni ile kamba iliyoning'inia juu ya kila mfanyakazi: ukiona kasoro unaivuta, kiongozi wa kikundi anakuja kusaidia, na ikishindikana mstari mzima unasimama. Kwenye viwanda vingi vya GM kusimamisha mstari ilikuwa dhambi; gari bovu lilisogea mbele likatengenezwe baadaye, uani. Muda si mrefu Fremont ikawa inatoa magari yenye ubora wa kukaribia ya Japani. GM ilikuwa na somo hilo nyumbani kwake kwa miaka 25, ikalisambaza polepole mno. Leo kiwanda hicho ni cha Tesla.

"Wageni ndio waliowaua, serikali ingefunga mlango"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Mlango ulishafungwa, zaidi ya mara moja, na kufungwa kwenyewe ndiko kulikowaingiza wageni ndani.

Mwaka 1981, baada ya bei ya mafuta kupanda na Wamarekani kukimbilia magari madogo, Japani ilikubali kwa shinikizo la Washington kutouza Marekani zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Ukizuiwa idadi, unafanya nini? Unapeleka gari la bei kubwa zaidi. Mwaka 1986 ikaja Acura, 1989 zikaja Lexus na Infiniti. Na hayo mengine unayatengeneza hukohuko. Honda ilianza kuunda magari Marysville, Ohio, mwaka 1982, Nissan Smyrna, Tennessee, mwaka 1983, Toyota Georgetown, Kentucky, mwaka 1988. Ilipofika 2008, Toyota Camry ilikuwa inatoka Kentucky, na Chrysler PT Cruiser inatoka Toluca, Mexico. Sasa nani mgeni? Chrysler yenyewe iliishia mikononi mwa Fiat ya Italia, iliyopewa asilimia 20 ya mwanzo bila kutoa fedha taslimu, kwa ahadi ya teknolojia. Hata kile kiwanda cha Mombasa Road, Nairobi, kilichobeba jina la General Motors kwa miaka zaidi ya 40, kilijulikana kwa malori ya Isuzu, na mwaka 2017 GM ikawauzia Isuzu hisa zake.

Kinga ya pili ni ya kuchekesha, lakini ndiyo iliyowaumiza zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa bei rahisi kutoka Marekani walifurika Ujerumani Magharibi, nchi za Ulaya zikapandisha ushuru. Rais Johnson akalipiza kwa kutoza asilimia 25 kwenye brandi, wanga wa viazi, dekstrini na malori madogo kama pikapu. Brandi ilishasamehewa zamani. Malori hayajasamehewa hadi leo. Kwa miongo kadhaa gari dogo la abiria kutoka nje lilitozwa asilimia 2.5 tu, pikapu 25. Kampuni yoyote ingekimbilia kivuli hicho, na Detroit ikakimbilia: faida yake ikawa pikapu na majitu yaliyojengwa juu ya fremu za pikapu, magari madogo yakaachwa yajikongoje. Juni 2008 petroli ilipovuka dola 4 kwa galoni, kivuli kile hakikuwa na msaada.

Mwaka 2009 serikali iliwapa watu hadi dola 4,500 wasalimishe gari la zamani wanunue jipya. Injini ilimwagwa oili, ikamiminiwa silikati ya sodiamu, ikaungurumishwa mpaka ikakamatana. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, angelia. Gari lililonunuliwa zaidi kwa fedha hizo lilikuwa Toyota Corolla.

Na ule ushuru wa kuku? Mwaka huohuo Ford ilianza kuagiza vani zake ndogo, Transit Connect, kutoka kiwanda chake cha Uturuki. Ili zihesabiwe kuwa magari ya abiria zilipanda meli zikiwa na viti vya nyuma, mikanda na madirisha. Zikishuka bandarini Baltimore na kupita forodha, viti vilikuwa vinang'olewa na madirisha kuzibwa kwa bati. Kesi ilivutana kwa miaka, na mwaka 2024 Ford ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 365.