Nyonga bandia isiyo na simenti hushikwa na mfupa wenyewe
"Nyonga bandia isipogandishwa kwa simenti italegea, na hata ikishika haifiki miaka 10." Maneno haya yamezoeleka, lakini si sahihi. (Simenti hapa ni kigandishi cha kitabibu, si ile ya ujenzi.)

Shina, yaani sehemu ya nyonga bandia inayoingia pajani, la metali ya titani lenye uso wa vitundu, hupigiliwa ndani ya mfupa wa paja hadi libane. Wiki na miezi inayofuata, mfupa hai huota na kupenya kwenye vitundu hivyo, kama mizizi ya mkoko topeni. Ukishashika namna hiyo, shina kulegea ni nadra.

Hofu hiyo ina chanzo, tena cha kushangaza. Miaka ya 1970 na 1980 mfupa ulionekana ukilika kandokando ya nyonga bandia, na madaktari wakailaumu simenti. Wengine wakauita "ugonjwa wa simenti". Zikaja zisizo na simenti, mfupa ukaendelea kulika! Mkosaji mkuu alikuwa plastiki ya kikombe, yaani sehemu ambamo kichwa cha nyonga bandia huzunguka: ilisagika, na vumbi lake likauchokoza mwili hadi ukaula mfupa. Plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, imepunguza sana msagiko huo.

Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, kwa kumbukumbu za Australia na Ufini, ulikadiria kuwa nyonga bandia 58 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25. Nyingi kati ya hizo ni za miundo ya zamani.

Simenti nayo haijapitwa na wakati. Kwa mzee mwenye mifupa dhaifu, hupunguza hatari ya paja kuvunjika kando ya shina.