Sikuacha ladha, niliacha ng'ombe: dhana potofu kuhusu sisi tunaokula nyama ya soya

Kila nikipanga mishkaki ya soya juu ya jiko, shemeji yangu ana swali lake, na halibadiliki. "Shemeji, si ulisema umeacha nyama? Sasa hii ya nini? Kama unaipenda hivyo, si ule tu ya kweli?" Baraza zima linacheka, nami nageuza vijiti upande wa pili.

Ni miaka minane sasa sijala nyama. Swali hilo nimelijibu kwa mzaha mara nyingi mno, safari hii nimeamua kulijibu sawasawa, pamoja na mengine yanayoandamana nalo.

Kiswahili chenyewe hakinisaidii. Ukijitambulisha huku kwetu Tanzania kama "mla mboga" utachekwa, maana mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. "Leo mboga gani?" "Nyama." Mkenya naye akisikia mboga anawaza sukuma wiki, kwa hiyo hata sisi majirani hatuelewani. Mimi husema tu "sili nyama", na hata hapo nimeshaletewa kuku, kwa maelezo kwamba kuku si nyama. Kuhusu dagaa sisemi kitu.

"Anayekula nyama ya soya anaitamani nyama, anajidanganya tu"

Hapa watu wanachanganya vitu viwili: ladha, na mnyama. Waulize walioacha nyama kwa nini waliacha. Mhindu atakwambia habari ya ahimsa, kutomdhuru kiumbe. Msabato anayefuata ushauri wa kanisa lake atakutajia mwili na afya. Mwenye jongo atakwambia daktari ndiye aliyempiga marufuku nyama nyekundu. Mimi nilikaa miaka miwili jirani na mnada wa ng'ombe. Malori yalifika alfajiri, na ng'ombe aliyeanguka njiani akakanyagwa na wenzake alishushwa kwa kuvutwa mkia, akiwa bado anahema. Asubuhi moja nikashindwa kumeza supu. Katika sababu zote hizi hakuna hata moja inayosema kwamba nyama ni mbaya mdomoni. Ulimi haukushirikishwa katika uamuzi huo, kwa hiyo usishangae ukibaki na mapenzi yake ya zamani.

Shemeji huyohuyo ana kisukari. Mfuko wa shati lake haukosi kikopo cha vidonge vya kutia utamu kwenye chai, anavibonyeza viwili viwili, tik, tik. Sijawahi kumwambia: kama unapenda utamu, tia sukari. Sote tunaelewa kwamba anachokimbia ni sukari kwenye damu, na utamu hauna kosa.

Lakini msituweke kapu moja. Nina jirani mzaliwa wa familia ya Kigujarati ambaye hajawahi kuonja nyama tangu azaliwe, wala wazazi wake, wala mabibi zake. Yeye mchuzi wa soya anaupika kila wiki, na haulinganishi na kitu chochote. Kwake ni soya tu, kama dengu ilivyo dengu. Siku moja nilimwonjesha baga ya kisasa ya mimea, ile iliyotengenezwa ifanane na ng'ombe mpaka wekundu wake. Alitafuna mara mbili, akaomba tishu. Kwa mtu kama yeye kufanana huko ndiko kunakokera. Hao nao ni wengi, ndiyo maana nasema *baadhi* yetu tunafurahia.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu ulimi wala tumbo. Nenda kwenye shughuli usile nyama. Utakaa na sahani yako ya wali na kachumbari, na kila anayepita atauliza unaumwa nini. Mwenye nyumba ataona umemdharau. Shangazi atakuja kunong'ona kama ni mfungo au ni mimba. Ukiwa na kijiti cha mishkaki mkononi, hata kama ni cha soya, unakula na wenzako na mazungumzo yanaendelea kuhusu mambo ya maana. Kwangu mimi hilo ni nusu ya raha yenyewe.

"Ladha ya nyama iko ndani ya nyama, haiigiki"

Fanya jaribio. Chemsha kipande cha nyama bila chumvi, bila tangawizi, bila ndimu, kisha ukile peke yake. Utagundua kwamba kile unachokiita ladha ya nyama, sehemu kubwa ni kazi ya mpishi na moto.

Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kinachotokea asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, zinapokutana na sukari kwenye joto. Zinaungana na kuzaa rundo la vitu vipya vyenye rangi ya kahawia na harufu nzito. Kwenye moto mkali, kuanzia nyuzi joto 140 hivi, kazi hiyo inakwenda haraka. Ndiyo inayotokea kwenye ganda la mkate, kwenye buni zikikaangwa, na kwenye ukingo wa mshkaki ulioungua kidogo. Protini ya soya nayo ina asidi hizohizo. Moto haujui kabila lake.

Ongeza moshi. Mafuta ya nyama yanapodondokea mkaa wa moto ndipo ile harufu inayokuvuta ukiwa kona ya pili ya mtaa inapopatikana. Soya kavu haina mafuta, yalishakamuliwa kiwandani, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaitia majini, wanaitia jikoni, inatoka kama kandambili, halafu wanasema nyama ya soya haina maana.

Mimi naanza na maji ya moto na chumvi, dakika kumi na tano. Nakamua kwa viganja vyote viwili mpaka maji yatoke na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya maharage mabichi. Namwaga, natia mengine, nakamua tena. Mara tatu. Kipande kikishakuwa kama sponji kavu, ndipo kinapata kiu: nakitia kwenye tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, ndimu, ukwaju na mafuta ya kutosha, usiku kucha. Asubuhi kimekunywa vyote. Kwenye jiko napaka mafuta tena kwa brashi, na mafuta yakidondoka, moshi unapanda, baraza linageuka. Hata shemeji hugeuka, ingawa atakana.

Kinachobaki bila kuigwa kirahisi ni ule uzito wa damu, ladha ya chuma. Unatokana na himu, kiini chenye chuma kinachoipa damu wekundu wake. Kampuni ya Impossible Foods ya California, iliyoanzishwa mwaka 2011 na mwanabiokemia Patrick Brown, iliutafuta mahali ambapo wengi hawakudhani: kwenye vinundu vya mizizi ya soya, ambamo kuna protini yenye himu inayofanana sana na ya wanyama. Badala ya kung'oa mashamba, walichukua jeni yake wakaiweka kwenye hamira, na hamira ikaizalisha kwenye matangi kama inavyozalisha pombe. Baga yao ilianza kuuzwa mwaka 2016. Hiyo ndiyo iliyomshinda jirani yangu.

"Ni mitindo ya Wazungu wa siku hizi"

Wazungu wamechelewa. China, enzi za utawala wa Song (960 hadi 1279), tayari kulikuwa na migahawa ya mijini iliyoandaa vyakula vya kuiga nyama na samaki bila mnyama ndani. Mahekalu ya Kibudha yaliukuza ufundi huo, kwa sababu watawa hawali nyama lakini wageni wao waliizoea, na mgeni haandaliwi shingo upande. Walikanda unga wa ngano, wakauosha kwa maji mpaka wanga wote ukaondoka, ikabaki gluteni, protini ya ngano, inayovutika kama msuli. Ukiivingirisha na kuikaanga inakuwa bata.

Na si lazima uende mbali hivyo. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na wakati wote wa Kwaresima. Katika mfungo huo wana chakula kinaitwa *yeshimbra asa*, yaani samaki wa dengu: unga wa dengu uliokandwa, ukakatwa kwa umbo la samaki, ukakaangwa na kutiwa kwenye mchuzi mwekundu wa berbere, viungo vyao vya pilipili. Hakuna anayemwambia Mhabeshi kwamba imani yake ni ya uongo kwa kuwa kakata unga kwa umbo la samaki.

Kwa Marekani, waliotangulia ni Wasabato. Daktari John Harvey Kellogg, huyu wa jina la maboksi ya konfleksi, alikuwa akiendesha hospitali Battle Creek, Michigan, na mwishoni mwa karne ya 19 alitengeneza nyama za makopo kwa karanga na gluteni ya ngano: Nuttose, kisha Protose. Wamisionari wa Kisabato walifika Upare mwaka 1903 na Gendia, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, mwaka 1906, kwa hiyo mafundisho ya kupunguza nyama yana zaidi ya miaka mia moja huku kwetu. Utii ni habari nyingine, nimekula harusi nyingi za Wasabato zenye ng'ombe mzima.

Soya ya pakiti tunayoijua ilikuja baadaye, miaka ya 1960, kutoka kampuni ya Kimarekani ya Archer Daniels Midland. Unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta unachanganywa na maji, unasukumwa kwa nguvu kwenye mtambo wa moto. Ukitoka kwenye tundu, shinikizo linashuka ghafla, maji yanageuka mvuke, na unga unafura ukiwa na nyuzinyuzi. Kama bisi, kwa kifupi. Nayaeleza haya kwa faida ya wanaosema ni "kemikali tupu".

"Soya inamaliza nguvu za kiume"

Hii nasikia zaidi kwa bodaboda. Soya ina isoflavoni, ambazo kwa umbo zinafanana kidogo na homoni ya kike ya estrojeni, lakini kazi yake mwilini ni dhaifu na tofauti. Mwaka 2021 watafiti walikusanya tafiti 41 zilizofanywa kwa wanaume na kuzichambua kwa pamoja: testosteroni, ile homoni ya kiume, haikushuka, estrojeni haikupanda. Kuna kisa kimoja cha kitabibu cha mwanamume aliyeota matiti kwa sababu ya soya, kiliandikwa mwaka 2008. Alikuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku. Lita tatu za chochote, hata uji, zitakuletea matatizo.

"Kwa kuwa ni ya mimea, ni afya moja kwa moja"

Hii ni ya upande wetu, na lazima niseme. Baga ya Impossible ya gramu 113 ina sodiamu ya miligramu 370 hivi, wakati nyama ya kusaga ya ng'ombe ya uzito huohuo, kabla hujaitia chumvi, haifiki 100. Nyingine zina mafuta mengi ya nazi. Soseji ya mimea ni soseji, haipandi cheo kwa kukosa nguruwe.

Pakiti ya soya kavu inakuandikia protini ya gramu 50 hivi kwa kila gramu 100, na ni kweli, ila hakuna anayeila kavu. Ikinywa maji inaongezeka uzito mara mbili mpaka tatu, gawanya mwenyewe. Vitamini B12 haimo kabisa isipokuwa imeongezwa kiwandani, na asiyekula nyama, maziwa wala mayai asiichezee. Chuma cha mimea nacho hakifyonzwi kwa urahisi kama cha nyama. Kamulia ndimu, kula na kachumbari, na ile chai ya kushushia isubiri saa moja, kwani inazuia chuma. Wasiovumilia gluteni wakae mbali na ile nyama ya ngano.

"Kuiita nyama ni utapeli"

Siagi ya karanga haijawahi kumlalamikia ng'ombe. Hata Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ilipoamua mwaka 2017 kwamba bidhaa za mimea zisiitwe maziwa wala jibini, iliacha mlango kwa majina machache yaliyokwisha kuzoeleka. Mradi pakiti iseme wazi ni soya, mimi sina ugomvi.

"Basi siku akipata ya kweli atafurahi"

Mwaka juzi niliingia mgahawa mmoja mjini, nikaagiza sambusa za kima ya soya. Zikaja nne, za moto, na nikala moja nzima nikimsifia dada aliyenihudumia, maana zilikuwa tamu kupita zote nilizowahi kula. Ya pili nilipoimega nikaona kijimshipa cheupe. Soya haina mishipa. Nikamwita. Akaenda jikoni, akarudi amenywea: walikuwa wamechanganya masinia.

Nikazisukuma pembeni. Nilikaa pale kama dakika tano nimeshika shavu, mbele yangu sambusa mbili nzima na ile niliyoimega, naziangalia.

"Lakini dada," akasema, "si ulisema tamu?"

"Nilisema. Na ni tamu."

Nikalipa soda, nikaondoka.