Je, biopsi ya prostati ikisema "hakuna kansa", ni kweli haiko?

Hata mimi niliitikaga ndiyo. Baba mkubwa hapa Bukavu alipimwa damu, PSA ikapatikana 9, imepanda, wakamfanyia biopsi, ni kusema kuchukua vinyama vya tezi na sindano, karatasi ikarudi imeandikwa hakuna kansa, mama mkubwa akachinja kuku. Miezi nane PSA ikafika 13, tukaanza kusema watu wa labo walikosea. Kumbe labo ilisema kweli, ila ilisema juu ya vile vinyama ilivyoletewa tu, na sisi tukadhani ni tezi nzima.

Prostati, ao tezi dume, iko chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa. PSA ni protini yake inayoonekana kwenye damu. Inapanda juu ya kansa, juu ya maambukizi ya mkojo, ao juu tezi imekuwa kubwa na uzee, ndiyo maana wanachukua nyama na sindano.

Sasa fikiria unanunua gunia la maharagi pale Kadutu, unachoma chuma chenye uwazi ndani, kinatoka na punje kidogo. Ukiona zilizooza, umejua. Usipoona, umejua tu kwamba pale kilipopita ni pazuri, kona ya chini hujaiona. Biopsi ya kawaida ni sindano 12 hivi, kila moja inaleta kinyama chembamba, upana karibu milimita 1, urefu sentimita moja na nusu hivi. Kwa tezi ya mililita 40, vyote 12 havifikii hata 1% yake! Tezi ikivimba zaidi, gunia limeongezeka na chuma ni kile kile. Tena sindano za kupitia haja kubwa zinagusa zaidi upande wa nyuma, kansa ya mbele inaweza kuponyoka.

Ndiyo maana siku hizi wanapenda IRM kwanza, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ya ndani ya mwili, sawa kumulika gunia na tochi mbele ya kuchoma. Utafiti wa PRECISION wa 2018, wanaume 500, kundi lililoanza na IRM lilipatikana na kansa ya kutisha kwa 38%, kundi la sindano za kawaida 26%. Lakini IRM nayo inakosaga, na inategemea jicho la anayeisoma. Iko pia njia ya kupitia ngozi kati ya korodani na haja kubwa, hiyo inafika mbele vizuri na haipiti kwenye uchafu, ingawa tafiti hazipatani sana kama inapunguza maambukizi kwa kiasi gani antibiotiki zikitumiwa vizuri.

Baba mkubwa akarudi na daftari, akauliza: docta, ulichoma mara ngapi, na mbele ulifika? Docta hakukasirika, aligeuza ordonansi, akachora tezi, akatia nukta 12, zote nyuma. Akapima mkojo kwanza, akarudia PSA, kisha IRM, ikaonyesha doa mbele. Mbele ya biopsi ya pili, mzee akamwambia docta mwenyewe anakunywa aspirini na ana sukari, akauliza akishikwa na homa afanye nini, akaambiwa arudi siku ile ile, asingojee kesho.

Wakakuta kansa, Gleason 6 (alama ya ukali wa kansa ya prostati), ile ya pole, wakakubaliana kuichunga kwanza bila kupasua. Ile ordonansi yenye nukta ameikunja ndani ya daftari, na maswali ya kumuuliza docta Novemba ameshaanza kuyaandika.