Gari Jipya, Rangi Inatoka: Kwanza Soma Kidonda

Wiki iliyopita bwana mmoja aliegesha pikapu mbele ya karakana yetu hapa Ndeeba, Kampala, akanivuta mpaka kwenye boneti hata kabla hatujamaliza salamu.

"Fundi, gari hili lina miezi saba tu. Angalia!"

Niliangalia. Ukingo wa mbele wa boneti ulikuwa na vidoa kama ishirini, vidogo kuliko punje za mtama. Huku juu, karibu na kioo, klia, ile vanishi angavu inayofunika rangi, ilikuwa imeinuka sehemu ya ukubwa wa kiganja, imekauka na kuwa nyeupe kama ganda la kitunguu. Mwenyewe alikwisha kata kauli: kiwanda kimemuuzia rangi mbovu, na dalili ni hizo mbili. Mimi niliona magonjwa mawili yasiyo na undugu wowote, yamekutana tu kwenye boneti moja.

Rangi ya gari ni tabaka juu ya tabaka. Kiwandani bodi ya chuma huoshwa, hupakwa fosfeti, halafu huzamishwa nzima ndani ya hodhi la praima, yaani rangi ya msingi. Umeme ndio unaoivuta praima hiyo ishike kila kona, hata ndani ya milango ambako bunduki ya rangi haifiki. Mara nyingi hufuata praima ya pili, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia. Ukijumlisha yote, kwa kawaida unapata kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni 35 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina mikroni kama 100. Kwa hiyo kokoto inayorushwa na basi la Gulu linapokupita kwa kasi inapambana na karatasi moja, au moja na nusu. Tusishangae sana ikitoboa.

Vile vidoa ishirini ni kazi ya mawe, hakuna ubishi. Vipo mahali ambapo jiwe hupiga uso kwa uso: ukingo wa boneti, nguzo za kioo, chini ya milango nyuma ya matairi ya mbele. Kwenye sehemu zilizolala jiwe huteleza likaenda zake. Ndiyo sababu malori yenye kichwa bapa huumia uso mzima, kwa kuwa hayana pua ya kupokea kipigo kwa mshazari. Tena magari mengi tunayoyaita mapya hapa Kampala yamekwisha kutembea kwa matairi yake kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100, yakifuata nyuma ya matrela. Hata mita ikisoma kilomita chache kama unavyotarajia, boneti haijasahau safari.

Kidoa cha jiwe kina umbo lake: shimo dogo, kingo zimevunjika ovyo, na rangi inayolizunguka imeshika imara. Pitisha ukucha pembeni, hakuna kinachoinuka. Halafu tazama chini ya shimo. Ukiona kijivu au weusi uliofifia, praima bado ipo na una muda. Ukiona chuma kinang'aa, au wekundu wa kutu, huna muda, hasa msimu wa mvua.

Lile ganda la kitunguu ni habari nyingine. Ukucha uliingia chini yake bila shida na klia ikafuata kama plasta kuukuu, ikaacha rangi nyeupe chini ikiwa nzima, kavu, haina hata mkwaruzo. Jiwe halifanyi hivyo. Hapo tabaka mbili zilikataana.

Je, kiwanda kinaweza kukosea? Kinaweza, na kimewahi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, magari mengi ya Marekani, pikapu zikiwemo, yalibambuka rangi vipande vipande. Kwenye mengi kati ya hayo praima ya pili ilikuwa imeachwa. Mwanga wa jua ukapenya rangi ya juu, ukaila ile praima ya hodhini, na rangi ikakosa pa kushika. Lakini angalia kosa la namna hiyo linavyojitokeza: huchukua miaka, hutokea kwenye boneti, paa na kila sehemu inayotazama juu, na kinachotoka ni rangi pamoja na klia yake. Jua letu ni kali, sibishi. Mstari wa ikweta unapita pale Kayabwe njia ya Masaka, na Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo miezi saba ni michache mno, na jua halichagui kiganja kimoja cha boneti likaacha paa.

Nikachukua kipimo cha unene. Mlango wa dereva: 118. Mlango wa abiria: 121. Paa: 124. Boneti: 290.

Nilimwonyesha namba bila kusema neno. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo limegongwa?" Si lazima. Huenda lilikwaruzwa melini, au kitu kiliangukia boneti yadi. Lakini mtu alilipulizia rangi upya kabla halijafika mkononi mwake, na hakumwambia. Kati ya magari mapya yanayoletwa kwangu yakibambuka klia, mengi yana hadithi hii. Ningependa kila anayenunua gari apime kabla ya kutia sahihi. Kipimo chenyewe kinaingia mfukoni.

Kwa nini kazi ya namna hiyo haidumu? Kiwandani rangi na klia huokwa kwenye joto la kama nyuzi 140. Gari likishafungwa nyaya na plastiki huwezi kulipeleka huko, kwa hiyo sisi mafundi hutumia klia ya hadina, yaani inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, na tanuri la nyuzi 60, au hewa tu. Ikifanywa kwa utaratibu inadumu vizuri sana. Inaharibika pale rangi ya chini inapoachwa ikalala usiku kucha au zaidi na klia ikapulizwa juu yake bila msasa, hadina inapopimwa kwa jicho, au kopresa inapotema maji kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuyamwaga. (Na nyie vijana mnaopuliza hadina mkiwa mmejifunga leso puani: ule mvuke una isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu. Leso haizuii chochote, na pumu ya kazini hairudi nyuma.)

Ombi ninalolikataa kila wiki ni hili: "Nipulizie klia hapo tu palipotoka." Klia mpya itashika kwenye kingo za ile inayoendelea kuachia, na itaondoka nayo. Lazima klia yote ya boneti iondolewe kwa msasa, rangi ipulizwe upya, kisha klia ndani ya muda ulioandikwa na mtengenezaji. Polishi nayo haiponyi. Kila polishi inayokata hula klia, haiongezi, na gari linalong'arishwa hivyo kila mwezi linamaliza kinga yake ya jua mapema.

Kampala tuna adui mwingine ambaye vitabu vya viwandani havimtaji: kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani. Kinyesi chake kina asidi, na juani klia hulainika kidogo na kupanuka, kisha jioni hujikaza ikiwa imekumbatia uchafu ule. Alama inayobaki haitoki kwa sabuni. Loweka kwa maji mengi siku hiyohiyo, usisugue kikavu. Na wale waoshaji wanaotumia kitambaa kimoja kuanzia madigadi yenye changarawe nyekundu mpaka kwenye boneti, wape kitambaa cha pili au uoshe mwenyewe.

Nilimpigia bwana yule picha za namba zote nne, akazipeleka alikonunulia. Kuhusu mawe nilimwonya mapema asipoteze pumzi. Dhamana za rangi kwa kawaida hazigusi vidonda vya mawe, na ile ya kutu huhesabu kutu iliyotoboa bodi kutoka ndani kwenda nje. Baada ya siku tatu walikubali kupaka boneti upya, na aliomba kazi iletwe kwangu.

Kwenye nguzo ya mlango namba ya rangi ilisoma 040, nyeupe ya kawaida ya Toyota. Afadhali, maana ingekuwa 070, ile yenye lulu, ningehitaji tabaka moja zaidi na siku nyingine ya kulinganisha. Rangi ya boneti iliondoka kwa msasa, vidoa vyake vikaenda nayo. Vilivyobaki ni sita kwenye nguzo za kioo. Viwili vilikuwa vimefika chuma. Nilivikwangua kutu, nikatia praima ya epoksi kwa kijiti cha meno, nikaacha ikauke, kisha rangi, kisha tone la klia juu ya kila kimoja. Ukisimama hatua mbili huvioni. Ukiinama utaviona, na nilimwonyesha kila kimoja kabla hajalipa.