Nahodha Akiketi Meza Moja na Anayeonewa

Saa nne unusu kengele ya mapumziko imelia, na foleni ya viazi karai kantini imepinda hadi kwenye ukuta wa maabara. Mvulana wa Gredi ya 10 anayetembea kwa magongo amesubiri kama wengine, na sasa ni zamu yake. Aliye nyuma yake anaanza kuigiza mwendo wake. Wa pili anacheka. Wa tatu anachukua gongo moja "kulijaribu" na kuzunguka nalo. Mwalimu wa zamu akitokea, jibu liko tayari: "Twamtania tu, mwalimu." Hata mwenye gongo anatabasamu, kwa kuwa anajua asipotabasamu leo, kesho watazidisha.

Sisi watu wa Pwani tunapenda utani, na utani una raha yake. Lakini utani ni wa kurudishiana. Ikiwa ni wewe unayetaniwa kila siku, huna nafasi ya kujibu, na kinachochekwa ni mguu wako au kigugumizi chako, huo ni uonevu, hata kama wote wanacheka.

Nafanya kazi ya ushauri nasaha na shule za sekondari hapa Mombasa, na swali ambalo walimu huniletea mara nyingi ni hili: huyu anayeonea wenzake tumpe adhabu gani? Mimi huuliza kwanza walikuwapo wengine wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Nina sababu. Watafiti wa Canada waliwarekodi watoto kwa video katika viwanja vya shule za msingi jijini Toronto, na mwaka 2001 wakachapisha walichokiona. Wenzao walikuwapo katika asilimia 88 ya visa vya uonevu, lakini walijitokeza kumtetea mwenzao katika asilimia 19 tu. Walipojitokeza, zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Hakuna mwalimu mkuu anayeweza kumaliza kesi kwa kasi hiyo.

Huko Finland nako, Christina Salmivalli na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba katika kisa cha uonevu darasa zima lina nafasi yake. Kuna anayeonea na wasaidizi wake, kuna wanaochochea kwa kicheko, kuna wanaogeuza uso, na kuna wachache wanaotetea. Wengi wa wanafunzi ninaozungumza nao wamo katika kundi la kicheko au la kugeuza uso. Si wabaya. Wanaogopa kuwa wa pili kwenye orodha.

Sasa nani asiyeogopa? Mchezaji. Siku basi la shule linapoondoka kwenda Tononoka kwa mechi za kaunti ndogo, shule nzima iko dirishani. Jumatatu paredi, aliyefunga bao anaitwa mbele na kupigiwa makofi. Kiranja amepewa cheo na walimu, na wanafunzi wanalijua hilo vizuri. Mchezaji cheo chake kimetoka kwa wanafunzi wenyewe. Akivaa soksi chini ya kifundo, wiki ijayo nusu ya Kidato cha Tatu wamevaa hivyo. Akicheka, kicheko hicho ni ruhusa. Asipocheka, ghafla yule mwigaji kwenye foleni ya viazi karai amebaki peke yake na uigizaji wake.

Jambo hili limepimwa. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, watafiti walichukua shule 56 za wanafunzi wa rika la sekondari msingi, na katika nusu yake wakawapa mafunzo vikundi vidogo vya wanafunzi ili wao ndio waseme hadharani kwamba ugomvi na uonevu si jambo la kawaida. Matokeo yalichapishwa 2016: ripoti za nidhamu kuhusu ugomvi wa wanafunzi zilipungua kwa asilimia 25 katika mwaka mmoja, na athari ilikuwa kubwa zaidi pale kikundi kilipokuwa na wanafunzi wengi ambao wenzao huwatazama na kuwafuata. Watafiti hawakuwatambua hao kwa alama za juu, wala kwa upole. Waliwauliza wanafunzi wenyewe hutumia muda wao na nani, kisha wakahesabu majina yaliyojirudia. Mwalimu wa Mombasa anaweza kufanya vivyo hivyo kwa karatasi moja ya daftari.

Kisa kinachotajwa sana kuhusu wachezaji ni cha Queen Creek, Arizona, mwaka 2012. Msichana wa miaka 16 aliyezaliwa na ubongo mdogo kuliko kawaida alikuwa akisukumwa na kurushiwa takataka shuleni. Mama yake alimwandikia mchezaji nyota wa timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, akiomba amtafutie majina ya wanaomtesa mwanawe. Kijana yule alifanya jambo ambalo mama hakuliomba: alimwalika msichana aketi na timu wakati wa chakula cha mchana. Wachezaji wenzake wakaanza kumsindikiza madarasani. Takataka zikakoma. Sipendi namna vyombo vya habari vilivyoieneza hadithi hiyo, kana kwamba binti yule alikuwa kombe la timu, lakini mbinu yenyewe ni sahihi kabisa. Hakuna aliyepigwa, hakuna hotuba iliyotolewa. Kilichobadilika ni mahali pa kuketi, mbele ya macho ya kila mtu.

Hapa kwetu suala hili limekuwa zito zaidi. Zamani mtoto mwenye ulemavu wa viungo alielekezwa shule maalumu ya Port Reitz, na asiyeona alipelekwa shule ya wasioona ya Likoni. Shule hizo bado zipo na kazi yake inaonekana, lakini sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataka mtoto asome na wenzake katika shule ya kawaida panapowezekana. Ni sera nzuri. Ila rampu ya saruji hailindi mtu dhidi ya kuitwa kiwete. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa 2012 katika jarida la The Lancet, ulikadiria kwamba mtoto mwenye ulemavu ana uwezekano wa kufanyiwa ukatili mara 3.7 kuliko mtoto asiye na ulemavu. Mtoto huyo tunamwingiza katika darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini, halafu tunamwambia ajitetee.

Kwa hiyo mchezaji afanye nini hasa? Ninachofundisha ni kidogo, na makusudi kiwe kidogo ili kifanyike. Ukiona mwenzako anachezewa, usianze na anayeonea. Anza na anayeonewa. Mwite kwa jina lake, sauti ya kawaida: "Hebu njoo huku, twakusubiri." Ondoka naye. Umemnyima yule mwingine watazamaji bila kumpa ugomvi wa kushinda. Baadaye, mkiwa wawili, mwambie anayeonea kwamba hukupenda. Peke yenu, kwa sababu kijana wa miaka 16 akiaibishwa mbele ya wenzake atatafuta pa kulipizia, na atalipizia kwa yule yule mdogo. Tatu, mwambie mwalimu unayemwamini. Watu watasema umechongea. Kuchongea ni kumtia mwenzako matatani kwa faida yako. Hapa unamtoa mwenzako matatani. Na kukiwa na ngumi, wembe, au kundi la watu bwenini usiku, usiingie peke yako hata kama wewe ni beki wa kutisha. Kimbilia mwalimu wa bweni.

Wasichana huniambia kwamba kwao ngumi ni nadra. Kwao ni kimya: anakaribia meza, mazungumzo yanakatika, picha yake imeshafika kwenye kundi la WhatsApp kabla hajafika nyumbani Kongowea. Hapo nahodha wa netiboli ana kazi ngumu kuliko wa kandanda, kwa sababu hakuna kelele ya kuzima. Kuandika neno moja, "Futeni," saa tatu usiku katika kundi lenye wasichana arobaini, kunahitaji moyo. Lakini nimeona ikifanyika, na nimeona picha ikifutwa.

Kifafa ndicho kinachonisikitisha zaidi. Mwanafunzi akianguka, wenzake hutawanyika. Wengine husema ana pepo, wengine hurekodi kwa simu. Akizinduka amelowa, na jina amekwisha kubandikwa. Wachezaji wakifundishwa huduma ya kwanza, waongezewe hii. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka jezi au sweta chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, usimkandamize, na tazama saa. Degedege likipita dakika tano, ahitaji daktari haraka. Wengine wasimame wakigeuza migongo yao kwake ili wamsitiri. Timu inayoweza kufanya hivyo imemtetea mwenzao kuliko bango lolote ukutani, na kifafa hakiambukizi, kwa hiyo hakuna cha kuogopa.

Lakini kumtetea mtu kila siku huku akibaki nje ya mstari wa uwanja kuna kasoro yake. Anakuwa mtu wa kuhurumiwa, na huruma huchosha pande zote mbili. Afadhali aingie mchezoni. Special Olympics wana utaratibu wa timu za pamoja: katika mpira wa kikapu, kati ya watano walio uwanjani, watatu ni wenye ulemavu wa akili na wawili ni wenzao wasio na ulemavu huo. Golboli ni rahisi zaidi kuijaribu: watatu kwa watatu, mpira una kengele ndani, kila mchezaji amefungwa kitambaa machoni, na watazamaji wanatakiwa kunyamaza. Ipeleke timu yako ya kandanda ikacheze na vijana wasioona uone nani atakayekuwa anatambaa akitafuta mpira. Mwenye ualbino anaweza kucheza pia, mradi mazoezi yawe jioni jua likipoa, avae mikono mirefu na kofia. Kiziwi anahitaji refa anayepunga kibendera pamoja na kupuliza filimbi, na wenzake wajifunze ishara chache. Lugha ya Ishara ya Kenya imo katika Katiba kama mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, kwa hiyo haiwezi kuwa jambo la ajabu katika uwanja wa shule.

Ninapozungumza na wachezaji huwapa mfano wa Henry Wanyoike, Mkenya aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Katika Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 akiwa na mwongozaji, wameshikana kwa kamba. Mwongozaji alikuwa mgonjwa na nguvu zikamwishia karibu na mwisho, ikawa asiyeona ndiye anayemkokota anayeona hadi kwenye utepe. Wanyoike alitwaa dhahabu. Kanuni ya mbio hizo inasema mwongozaji haruhusiwi kuvuka mstari kabla ya mkimbiaji wake. Hapo huwaachia wanafunzi wajadili wenyewe, na mjadala huwa mrefu.

Sasa nigeukie makocha, kwa sababu kuna ukweli usiosemwa. Katika shule nyingi wachezaji wenyewe ndio waonevu. Timu inapewa sahani ya ziada, inaruka foleni, inasamehewa masomo ya jioni, na mgeni wa bwenini, yule anayeitwa "mono", anafua jezi za wakubwa. Kijana aliyezoea hayo hatamtetea mtu yeyote. Kwa hiyo kabla ya kuwaomba wachezaji wawe watetezi, kocha aondoe upendeleo usio na maana, na aandike mwanzoni mwa muhula, kabla ya mechi za kwanza, kwamba anayemwonea mwenzake hachezi. Wachezaji watie saini na wazazi wapate nakala. Sheria iko upande wake: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili wa mwili au wa akili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Mzazi ambaye shule haimsikii anaweza kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, usiku na mchana. Mwanafunzi mwenyewe anaweza pia.

Katika semina moja kocha aliinua mkono. Je, akiwa ni mfungaji wetu bora, na kesho ni nusu fainali? Wenzake walicheka, lakini yeye alikuwa anauliza kwa dhati. Nilimwambia leo jioni aanze kumpasha moto mshambuliaji wa akiba.