Je, wajua kwa nini bunduki ya kuwindia nyati bado hutengenezwa kwa mtambo wa mwaka 1898?

Ukipata nafasi ya kuitazama kwa karibu bunduki ya mwindaji bingwa anayeongoza wageni kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania, usishangae kukuta darubini ya kisasa na kitako cha plastiki ngumu vimefungwa kwenye mtambo wa kampuni ya Kijerumani ya Mauser ambao umbo lake lilikamilika mwaka 1898, miaka mitano kabla ya ndege ya kwanza yenye injini kuruka. Ukimuuliza fundi bunduki wa Ulaya au Marekani anayetengeneza silaha kama hiyo kwa oda ya mteja, atakwambia kwamba mjadala mrefu kuliko yote huwa juu ya mtambo. Mtutu na mbao ya kitako hukubaliwa upesi.

Mtambo ni ile sehemu ya chuma iliyo nyuma ya mtutu: gamba lake, komeo linalovutwa kwa mkono, magazini inayobeba risasi, na utaratibu wote wa kuingiza risasi, kuifungia, kuifyatua na kulitoa ganda lake. Mtutu ukichakaa hubadilishwa. Kitako kikivunjika huchongwa kingine. Mtambo ndio bunduki yenyewe, na kwa kawaida hata namba ya usajili hupigwa hapo.

Jambo la kwanza ambalo fundi hutaka kujua ni risasi gani itatumika, kwa sababu mtambo huchaguliwa kwa kuifuata risasi. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kitalii, Tanzania ikiwemo, hutaka mtu anayewinda nyati au tembo asitumie chini ya .375 ya inchi, yaani mtutu wenye tundu la takriban milimita 9.5. (Kenya ilifunga uwindaji wa aina hiyo mwaka 1977, hivyo huko hoja hii haipo tena.) Kuanzia hapo kwenda juu, risasi hazinenepi tu, zinarefuka pia. Risasi ya kijeshi ya Wajerumani ya 8x57 (unene wa kichwa na urefu wa ganda kwa milimita), ambayo mtambo wa 1898 ulitengenezewa, ina urefu wa milimita 82 kutoka ncha hadi kitako. Ile ya .375 H&H (Holland & Holland, watengeneza bunduki wa London) ya mwaka 1912 ina zaidi ya 91. Ya .416 Rigby ya mwaka 1911 inafika 95, na .505 Gibbs inakaribia 98. Mtambo wa kawaida una nafasi ya ile ya kwanza na kidogo cha ziada. Hizo nyingine haziingii.

Waingereza waliliona hilo mapema. Kampuni ya John Rigby ya London, iliyokuwa wakala wa Mauser nchini Uingereza, iliomba kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, Ujerumani, kiitengenezee mtambo mrefu zaidi mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Huo ndio unaoitwa Mauser ya magnum, yaani ya risasi kubwa, na ndio ulioiwezesha .416 Rigby kuzaliwa. Mpaka leo, fundi akisema anatafuta mtambo wa "magnum halisi", anamaanisha mtambo uliozaliwa na urefu huo, si uliorefushwa baadaye kwa tupa na mashine.

Upana nao una hesabu yake. Kitako cha risasi ya 8x57 kina kipenyo cha karibu milimita 12, cha .375 H&H ni 13.5, cha .416 Rigby ni 15, na cha .505 Gibbs ni zaidi ya 16. Katika magazini ya Mauser risasi hukaa mbili mbili kwa kupishana, moja kushoto, nyingine kulia, na ili zilale vizuri upana wa ndani huwa takriban kipenyo cha kitako mara 1.87. Kwa risasi ya milimita 12 unahitaji kama milimita 22, kwa ya milimita 15 unahitaji 28. Magazini ikiwa nyembamba, risasi hujipanga wima na kukwama. Ikiwa pana kupita kiasi, hulala bila mpangilio. Ndiyo maana Mauser hawakutumia magazini moja kwa risasi zote, na ndiyo maana fundi makini haamini mtu anayedai mtambo wake "unakubali chochote".

Halafu kuna nguvu inayolisukuma komeo kurudi nyuma, ambayo wengi huielewa kinyume. Kwa viwango vya Ulaya, shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa 8x57 ni baa 3,900. Kwa .416 Rigby ni 3,250 tu. Mtu angesema basi Rigby ni mpole kwa mtambo. Lakini kinachosukuma komeo ni shinikizo hilo likizidishwa kwa eneo la kitako cha risasi. Ukipiga hesabu ya haraka kwa kipenyo cha nje, ile ya kwanza inasukuma kwa karibu tani 4 na nusu, na Rigby kwa karibu tani 6. Kwa uhalisia ni pungufu ya hapo, maana kuta za ganda huganda kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kuchukua sehemu ya mzigo, lakini uwiano unabaki palepale. Risasi nene inatesa komeo hata ikiwa na shinikizo dogo.

Na kwa nini Waingereza walipunguza shinikizo, kama wangeweza kutumia ganda dogo lenye nguvu ileile? Sababu ni joto. Kodaiti, baruti ya Waingereza ya enzi hizo, ilipandisha shinikizo kadiri jua lilivyoichoma. Risasi iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza ilibadilika tabia ikifika kwenye jua la Afrika au India, na shinikizo likizidi, ganda hung'ang'ania chembani likakataa kutoka. Mbele ya tembo hilo ni jambo la kufisha. Wakaamua kutumia ganda kubwa, baruti nyingi na shinikizo la chini, ili ganda litoke kwa urahisi hata mchana wa Oktoba.

Hapo tunafika kwenye kiini cha swali letu. Ukitazama ubavuni mwa komeo la Mauser utaona ukanda mrefu wa chuma wenye ukucha mbele. Ukanda huo hauzunguki komeo linapozungushwa. Risasi inapopanda kutoka magazini, ukingo wa kitako chake huteleza moja kwa moja chini ya ukucha, kwa hiyo tangu hatua ya kwanza risasi imeshikwa. Haiendi chembani yenyewe, inapelekwa. Mitambo mingi ya kisasa hufanya tofauti: komeo huisukuma risasi tu kutoka nyuma, na kindoano kidogo huidaka pale mwisho komeo linapofungwa kabisa.

Kwenye uwanja wa shabaha, tofauti hiyo huioni. Mitambo ya kusukuma ni rahisi kutengeneza, ina nguvu, na mingi ina usahihi wa kupigiwa mfano. Remington 700 ya mwaka 1962 ni ya namna hiyo, na wawindaji wengi wa paa wa Marekani huitegemea. Lakini chukua mtu aliyekwisha piga risasi moja, nyati hakuanguka, sasa anakuja. Dume lina kilo 600 au zaidi na mita 20 kwake si hata sekunde mbili. Mtu huyo anavuta komeo, analisukuma nusu, hofu inamfanya alivute tena kabla halijafunga, analisukuma upya. Kwenye mtambo wa kusukuma, risasi ya kwanza imebaki chembani bila kushikwa na kitu, na ya pili inakuja kuigonga kwa nyuma. Bunduki imeziba. Kwenye Mauser, ukucha uliishika ile ya kwanza, hivyo alipovuta komeo aliirudisha na ikarushwa nje, ya pili ikapata njia. Amepoteza risasi moja, lakini bunduki bado inafanya kazi.

Kumbuka pia kwamba kipande kinachorusha ganda nje kwenye Mauser hakitegemei springi ndogo iliyofichwa ndani ya uso wa komeo. Ni ubao mgumu wa chuma uliofungwa kwenye gamba. Vuta kwa nguvu, ganda linaruka mbali. Vuta polepole, linadondoka karibu. Vumbi la miezi mitatu porini haliwezi kuuziba kirahisi.

Somo hili kampuni ya Marekani ya Winchester ililipata kwa gharama. Model 70 yao, iliyoanza mwaka 1936, ilikuwa na ukucha wa mtindo wa Mauser. Mwaka 1964 waliuondoa ili kupunguza gharama za kiwanda. Wawindaji walichukia kiasi kwamba bunduki za kabla ya mwaka huo zikapanda bei na kuwa na jina lake maalumu mpaka leo, na kampuni ikalazimika kuurudisha ukucha miaka ya 1990. Mimi naona kelele zile zilizidi kidogo, kwa sababu wengi waliolalamika hawakuwahi kukutana na mnyama wa kuwakimbiza. Kwa wale wachache waliokutana naye, walikuwa na haki.

Sasa basi, kama Mauser ni bora, kwa nini mtu asichukue mtambo wa bunduki ya zamani ya jeshi? Ilitengenezwa kwa mamilioni, Ujerumani na kwingineko, na baada ya vita vya pili vya dunia ilijaa sokoni kwa bei ya kutupa. Mafundi wengi walianzia hapo. Kwa risasi ya urefu wa kawaida hakuna tatizo kubwa, chuma kikiwa kizima. Shida huja mtu anapotaka kuupachika .375 H&H au zaidi. Ili risasi ndefu ipite, lazima magazini irefushwe na mteremko wa kupandishia risasi ukatwe mbele. Chuma kinachokatwa hapo ndicho kinachobeba jino la chini la komeo. Komeo la Mauser lina meno mawili mbele yanayozuia ule msukumo wa tani tuliouhesabu, na la tatu nyuma la akiba. Umepunguza egemeo la moja katika mawili, kisha ukaongeza mzigo.

Zaidi ya hapo, chuma cha mitambo hiyo kilikuwa laini ndani na kigumu kwenye ngozi tu, kwa makusudi, ili kisipasuke ghafla. Mashine ikiiondoa ile ngozi, meno huanza kujichimbia polepole, nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi huongezeka risasi baada ya risasi, mpaka siku ganda linapokatika ndani. Wapo mafundi waliofanya kazi hiyo kwa ustadi na bunduki zao zipo hadi leo. Lakini kwa anayelipa pesa zake leo, sioni sababu ya kununua kiatu kidogo kisha kukikata kidole.

Wenye bajeti ndogo walikuwa na njia mbili za heshima. Ya kwanza ni bunduki ya kijeshi ya Enfield ya Marekani ya mwaka 1917, mtoto wa muundo wa Waingereza uliokusudiwa risasi nene ya majaribio ya .276. Ni nzito na haina sura, ila ina kimo cha kumeza .416 Rigby baada ya kazi kidogo, na ukucha wake ni wa ukoo wa Mauser. Ya pili ni mtambo wa Czech, ZKK 602 na baadaye CZ 550 magnum, uliozaliwa mrefu na kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukiwa na bahati ya kuupata uliotumika, hapo ndipo ningeweka pesa zangu.

Wengine walijaribu kuligeuza tatizo: badala ya kurefusha mtambo, fupisha risasi. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458 yenye ganda la milimita 63.5, inayoingia kwenye mtambo wa kawaida. Ilienea Afrika nzima, lakini baruti ililazimika kushindiliwa ndani ya ganda lile fupi, na wengine walishuhudia kichwa cha risasi kikienda polepole kuliko karatasi ilivyoahidi. Mmarekani Jack Lott, ambaye nyati alimjeruhi Msumbiji, alirefusha ganda hadi milimita 71 mwaka 1971, na .458 Lott ikazaliwa. Ikarudi palepale: inataka mtambo mrefu.

Matajiri huruka mjadala wote kwa kununua bunduki ya mitutu miwili inayokunjika katikati, yenye vifyatulio viwili na mitambo miwili isiyotegemeana. Upande mmoja ukifa, mwingine upo, na risasi ya pili haihitaji mkono kusogea. Bei yake ni ya nyumba. Zile za risasi moja moja ni imara na fupi, ila nani anataka kutafuta risasi mfukoni wakati ule?

Kuna watakaomtaja W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita na kuua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa risasi ndogo ya 7x57 kwenye Mauser ya kawaida. Ni kweli. Lakini aliwapiga tembo ambao hawakuwa wamezoea bunduki, kwa shabaha ya ubongo, na sheria za leo zisingempa kibali cha risasi ile.

Hii yote ni kazi ya karakana yenye leseni. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayeunda silaha bila kibali huangukia kapu moja na watengeneza magobore.

Katika karakana hiyo, kipimo cha mwisho cha mtambo hakihitaji baruti. Fundi hujaza magazini risasi bandia, anavuta komeo taratibu, kisha kwa kasi, kisha bunduki imelazwa ubavu, kisha imepinduliwa juu chini. Ukucha ukifanya kazi yake, risasi haidondoki hata ikiwa inaning'inia. Ikigoma mara moja tu, inarudi mezani.