Nyumba ni yake, chumba umekodi wewe

Kuna jibu nimelisikia mno, na juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye wapangaji wanamkimbilia wakikwama: "Nyumba si ni yake? Sasa atakatazwaje kuingia?" Aliyepeleka malalamiko ni binti muuguzi aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya familia hapa Moshi. Akitoka zamu ya usiku anakuta kitanda kimetandikwa, shuka limebadilishwa, na dawa zake zimepangwa dirishani kwa mstari. Akaambiwa mama mwenye nyumba ana nia njema, na kama anaona kero ahame.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na mashauri ya upangaji ndiyo yanayokula muda wangu mwingi. Jibu hilo si sahihi, na linaumiza watu ambao hawana pa kwenda kesho asubuhi.

Ukipangisha chumba, unakuwa umempa mtu haki ya kukikalia kwa muda aliolipia. Hati ya nyumba inabaki kwako, ila chumba kile kwa miezi ile ni maskani ya mtu mwingine. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na ulinzi huo ni wa kila mtu, awe na hati au awe na risiti ya kodi tu. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inakwenda karibu zaidi. Kifungu cha 88 kinamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani bila kuingiliwa, maadamu analipa kodi na kutimiza masharti. Kifungu cha 89 kinamtaka mpangaji amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua, lakini kwa wakati unaofaa na baada ya kumpa taarifa mapema. Someni vifungu hivyo viwili pamoja. Kuingia kupo, kumewekewa utaratibu. Basi.

Na msiniambie "sina mkataba". Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kufanywa kwa maneno tu, na masharti hayo yanaingia yenyewe hata kama hakuna aliyeyaandika.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi, kwa sababu wanaolijua nusu ndio wanaolipotosha. Mtu akikaa nyumba moja na mwenye nyumba, je, ni mpangaji kweli, au ni mtu anayekaa kwa ruhusa tu, kama mgeni anayelipa? Tofauti ni kubwa, maana anayekaa kwa ruhusa ana ulinzi mdogo zaidi. Wenye nyumba waliowahi kuongea na wakili wanaipenda sana hoja hii. Kuna mmoja alikuja na karatasi yenye kichwa "Makubaliano ya Ruhusa ya Malazi", akadhani kichwa hicho kimemaliza kila kitu.

Kichwa cha karatasi hakimalizi kitu. Shauri linalotajwa siku zote ni la Uingereza, Street v Mountford, la mwaka 1985. Bwana Street, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria, alimpa Bi. Mountford vyumba viwili huko Boscombe kwa pauni 37 kwa wiki, akaandika kwamba huo si upangaji ila ni ruhusa tu, na yule mama akatia saini. Mahakama ya juu kabisa ya huko wakati ule ikaangalia yanayofanyika chumbani, ikaacha kilichoandikwa juu ya karatasi: kama umempa mtu chumba akikalie peke yake, kwa muda, kwa kodi, huyo ni mpangaji. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini yanasomwa na yanashawishi.

Upande wa pili wa hukumu ile ndio unaohusu nyumba zetu nyingi. Mahakama ilisema pia kwamba mwenye nyumba anayetoa huduma zinazomlazimu kuingia chumbani bila kizuizi, kama kufanya usafi na kubadilisha shuka, huenda ana mkaaji tu na hana mpangaji. Rudini sasa kwa binti muuguzi. Mama anatandika kitanda, anabadilisha shuka, Jumapili anampelekea chakula. Je, hayo ni huduma walizokubaliana ndani ya kodi, au ni upendo wa mama anayemwona kama mwanae? Kama yalikuwa sehemu ya makubaliano, hoja ya mama ina miguu. Kama yalianza tu yenyewe mwezi wa pili, na binti akanyamaza kwa sababu ya heshima, mimi nasema bado ni mpangaji na mama anamwingilia. Ila niwe mkweli: ukimya wa miezi minane unaweza kusomwa kama ridhaa, na nimekaa na mawakili wawili wazuri wakabishana kuhusu hilo jioni nzima. Ndiyo maana nasema mipaka iwekwe wiki ya kwanza, kabla wema haujageuka kuwa desturi.

Wema ndio mgumu kuliko ukorofi. Mwenye nyumba mkorofi anayepekua mabegi hana wa kumtetea. Lakini anayeingia kuanua nguo zako mvua za masika zikianza, ulizoziacha zikining'inia kwenye kamba dirishani, au anayeingia kwa sababu amesikia harufu ya pasi ikiungua, huyo utamwambiaje? Harufu ya kuungua ni dharura, aingie, avunje hata mlango. Nguo si dharura. Angepiga simu. Tofauti hiyo itajwe kwa mifano mlipo pale pale, mkiwa mmekaa, kwa sababu neno "dharura" peke yake kila mtu atalivuta upande wake. Mimi huwaambia watu wataje moto, maji yanayovuja na mgonjwa asiyejibu mlango. Mengine yote yanasubiri simu.

Funguo ya akiba. Wenye nyumba karibu wote wanabaki nayo, na wapangaji wengi hawaulizi. Uliza siku ya kuhamia, kwa adabu, kama unavyozungumza na mzazi: "Shikamoo mama. Naomba tuelewane kuhusu ile funguo ya pili. Ikikaa kwako sina shida, ila ukihitaji kuingia nipigie kwanza, hata nikiwa kazini nitapokea." Tisa kwa kumi utaambiwa "Marahaba mwanangu, hilo halina neno." Usianze na kifungu cha sheria. Ukimtajia mama wa Kichaga wa miaka sitini kifungu cha 88 kabla hujanywa chai yake, umeshaharibu. Baada ya mazungumzo, mtumie ujumbe mfupi: "Asante mama, kama tulivyokubaliana utanipigia kabla ya kuingia." Ujumbe huo ndio ushahidi wako.

Kubadilisha kitasa kimyakimya sikushauri. Kitasa ni mali ya nyumba, na siku bomba likipasuka ukiwa Same utakuwa wewe ndiye mwenye kosa. Komeo la ndani ni jambo jingine, linakulinda ukiwa umelala. Omba ruhusa ya kutoboa mlango, weka.

Umeme. Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba ugomvi mwingi wa kuingiliana vyumbani unaanzia kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nyumba moja, mita moja, watu wanachanga. Ikifika mwezi wa sita na wa saba, baridi ya mlimani inashuka, yuniti zinaisha haraka, na baba mwenye nyumba anaanza kuzunguka vyumbani kutafuta nani ana hita ya kuchemshia maji. Anafungua mlango, anainama chini ya kitanda, anagusa soketi kama ina joto. Hapo hata akikuta hita haimpi haki ya kuwa chini ya kitanda chako. Dawa yake ni mita ndogo kwa kila chumba, fundi anafunga kwa siku moja, na gharama mgawane. Msipoweza, andikeni vifaa vinavyoruhusiwa na kiasi cha kuongeza kwa anayetumia zaidi. Sijaona njia nyingine iliyozuia ukaguzi wa namna hiyo kwa muda mrefu.

Wageni. Hapa nawageukia wapangaji, maana na ninyi mnakosea. Sharti ulilokubali wakati wa kuingia linakubana. Ukiambiwa geti linafungwa saa nne na hakuna mgeni kulala, ukasema sawa ukalipa, usije kwangu mwezi wa tatu ukalia faragha. Lakini sharti lililotangazwa uani jana, baada ya kodi ya miezi sita kuliwa, halijawa sharti bado. Ni ombi, mjadiliane. Na kuna sharti ambalo hata likiandikwa silikubali: mwenye nyumba kumhoji mgeni wako ni nani kwako, anafanya kazi gani, amekuja mara ngapi. Usalama wa geti unahitaji jina na saa ya kutoka. Yaliyobaki hayamhusu.

Uani, korido, jiko la pamoja na choo cha nje ni vya wote, na humo mwenye nyumba anapita atakavyo. Usidai faragha ya korido. Kamera, hata hivyo, zimeleta shida mpya. Ya geti ni halali na naipenda. Ya korido inayotazama mlango wako mmoja, ikaonyesha unatoka na nani saa ngapi, naipinga, na ya karibu na bafu hata tusijadili. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, ila nina mashaka kama ni silaha nzuri dhidi ya familia moja yenye kamera moja. Mwambie aigeuze. Mara nyingi fundi ndiye aliyeielekeza vile.

Mwenye nyumba naye ana wajibu unaomlazimisha kuingia: paa na kuta kubwa za nyumba ni juu yake kuzitunza. Huwezi kumzuia fundi wa bati wiki mbili halafu ulalamike godoro limelowa. Na kodi ikichelewa, hilo ni deni, lidaiwe kama deni. Halifungui mabegi ya mtu.

Mkishindwana kabisa, anzeni kwa mjumbe au mtendaji wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Msipopatana ndani ya siku 30 shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Utaratibu nauheshimu na ninausimamia kila wiki. Bado sijui kumshauri nini kwa moyo mweupe mtu atakayeshinda barazani saa sita mchana na kurudi kulala kwenye nyumba ile ile jioni, achote maji kwenye bomba lile lile. Wengi huhama hata wakishinda. Kwa hiyo suluhu ya mjumbe, yenye maneno machache yaliyoandikwa na kusainiwa na wote wawili, mara nyingi naithamini kuliko hukumu.

Binti muuguzi alifanya hivyo. Waliandikiana mistari minne, mama akabaki na funguo, na chakula cha Jumapili sasa kinaliwa sebuleni.

Jambo la mwisho, ambalo karibu kila mkataba unalisahau: mwezi wa notisi. Ukishasema unahama, dalali anaanza kuleta watu wa kuangalia chumba, asubuhi wewe ukiwa na taulo, na funguo ni ile ile ya akiba. Chumba ni chako mpaka siku ya mwisho uliyolipia. Pangeni siku mbili za wiki na saa zake, uwepo mwenyewe, na dalali asiyeweza kuzifuata asubiri utoke.